Breki Mbili za Fundi Mkumbo

Ukishuka mlima Sekenke na lori lililoshiba mzigo, ukafika Shelui salama, kitu cha kwanza kukupokea si mtu, ni harufu. Ni harufu ya lainingi zilizoungua, ule ukanda mgumu unaobana dramu ya tairi ili gari lisimame. Wageni huziba pua. Fundi Sostenes Mkumbo yeye huinua kichwa, hunusa mara moja, na kabla lori halijaegeshwa ameshajua ni tairi gani.

"Kushoto, nyuma, ekseli ya pili," husema, mikono yake ikiwa bado kwenye gari la mtu mwingine.

Na huwa ni hilo hilo. Waliowahi kubishana naye waliishia kumnunulia soda.

Yeye ni fundi breki. Mwite fundi magari uone atakavyokukata jicho. Injini hagusi, umeme hagusi, na mtu akija na gari lisilowaka humwonyesha kwa kidevu kwa mafundi wa ng'ambo ya barabara, kana kwamba kuwaka kwa gari ni shida ndogo ndogo za watu wasio na shughuli. Banda lake ni la mabati, limeegemeana na kibanda cha chai cha mkewe, Felista, na mbele yake kuna ubao alioupaka rangi mwenyewe: BREKI NI KWA MKUMBO. Herufi ya N imegeuzwa kinyumenyume. Ameambiwa mara mia. Anasema dereva mwenye breki mbovu hana muda wa kukagua herufi.

Fahari yake ni moja tu, ila ni kubwa. Kwa miaka thelathini na moja hakuna gari lililotoka mikononi mwake likarudi Shelui likiburutwa na brekdauni. Hata moja. Amelisema hilo kwenye harusi, amelisema msibani, na siku moja ya ibada ya mavuno, yeye akiwa mzee wa kanisa, alipewa dakika mbili za kumshukuru Mungu kwa ajili ya alizeti, akatumia moja na nusu kuhesabu magari. Mchungaji akakohoa. Mkumbo akamalizia hesabu yake, ndipo akakaa.

Mtu asidhani ujuzi huu ulimwangukia. Sostenes alizaliwa upande wa Kinyangiri, kwa baba aliyekuwa na ng'ombe wawili wa kukokota na mkokoteni mmoja wa magurudumu ya chuma. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja walikuwa wakishusha magunia ya mtama kwenye mteremko, mkokoteni ukawasukuma ng'ombe badala ya ng'ombe kuuvuta, ukawazidi nguvu, na ng'ombe wa kulia, aliyeitwa Sukari, akavunjika mguu mbele ya macho yake. Walimchinja pale pale. Sostenes alilia hadi baba yake akamwonea haya. Wiki iliyofuata alikata gogo la mgunga, akalifunga kwa mnyororo nyuma ya mkokoteni, liwe linaburuta kila wanaposhuka. Watu walicheka: yaani kijana anaongeza uzito kwenye mzigo! Mkokoteni ukashuka taratibu kama bibi harusi. Kabla ya msimu kwisha, mikokoteni yote ya pale ilikuwa inaburuta magogo.

Alipomaliza darasa la saba alikwenda Singida mjini, akajishikiza kwa fundi mmoja mkali aliyeitwa Manase, akakaa naye miaka kumi na miwili akifua dramu na kugonga riveti. Kisha akaja Shelui kwa sababu Sekenke iko pale. Mahali pengine, alisema, breki zinaharibika. Hapa zinaungua.

Sasa nifike kwenye aibu yake, maana bila hiyo aibu hamtaielewa fahari yake.

Ilikuwa mwaka 2015, mwezi wa nane, siku ya jua kali. Liliingia lori la Zambia, likielekea Kigali, na dereva wake akaruka chini. Jina lake Chanda. Felista alipolisikia alicheka hadi akashika mwiko kwa mikono miwili, kwamba mtu mzima na ndevu zake anaitwa kidole. Chanda hakujua Kiswahili zaidi ya jambo na asante. Alikuwa mtu mchangamfu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu katikati ya joto. Akajinyoosha mgongo, akapiga miayo, akamwendea Mkumbo, akamshika bega na kusema maneno ambayo Shelui nzima inayajua kwa moyo hadi leo:

"Ai nidi brek, mai frendi. Jasti e smoli brek."

Kisha akaenda kulala kwenye mkeka nyuma ya kibanda cha Felista.

Mkumbo alisimama akilipima lile jambo. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, lakini neno hilo alilijua kuliko mwalimu yeyote. Breki. Mgeni ana shida ya breki. Tena breki ndogo. Akaanza na breki ya mkono, maana ndiyo ndogo. Ikawa nzima. Akasema moyoni kwamba mgeni wa watu pengine hajui kutofautisha ndogo na kubwa, akaingia kwenye matairi. La kwanza zima. La pili zima. Fundi mwingine angeachia hapo. Lakini Mkumbo alikuwa Mkumbo, na mtu aliyetoka Zambia yote hiyo akalalamikia breki hawezi kuwa amelalamika bure. Akaendelea kufungua.

Chanda aliamka baada ya saa moja na nusu, akatoka akijipangusa macho. Lori lake lilikuwa juu ya magogo na majeki, matairi yamelazwa kila upande, dramu zimepangwa mchangani kwa mstari kama sufuria za shughuli. Mkumbo alikuwa katikati, ameloa jasho, ana furaha.

"Zote nzima!" akamwambia. "Sijaona breki nzuri kama hizi mwaka huu."

Mgeni akaweka mikono kichwani. Akapayuka kwa lugha tatu. Ikabidi aitwe mwalimu aliyekuwa akipita ili atafsiri, na mwalimu alipoelewa kilichotokea alilazimika kuondoka kidogo, akasimama nyuma ya ghala, mabega yakimtetemeka. Akarudi na uso wa kazi. "Fundi," akasema, "huyu bwana hakuwa na shida ya breki. Alisema anataka kupumzika kidogo."

"Alisema breki."

"Ndiyo. Kwa Kiingereza kupumzika ni brek."

Mkumbo aliyarudisha matairi yote. Ilimchukua mpaka jioni, na hakuinua uso. Chanda hasira zilimwisha mapema. Alipoelewa vizuri alicheka mpaka akakaa chini, akalia machozi, akamkumbatia fundi na mafuta yake yote. Alikuwa na moyo mzuri, lakini alikuwa na mdomo. Alivyoondoka alikwenda akiisimulia hadithi hiyo kila kituo, na kabla ya wiki mbili haikuwepo kona ya barabara kuu ambako hawajui kwamba Shelui kuna fundi ukimwambia umechoka anakuvulia matairi. Madereva wakawa wanapita na kupiga honi. "Mista Brek! Leo usiniguse, nataka chai tu!" Hata watu wa mnadani walimwita Mista Brek. Hata mtoto wa ndugu yake.

Kicheko chenyewe angekimeza. Kilichomuuma ni kwamba siku ile alifanya kazi safi kuliko zote maishani mwake na hakuna aliyeisifu.

Krismasi ilipofika, binti yake Winfrida alikuja likizo. Winfrida anafundisha Kiingereza katika sekondari moja huko huko Kinyangiri, na baba yake humtaja kwa jina na cheo, "Mwalimu Winfrida," hata anapomtuma chumvi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa hapa. Niambie, hili neno breki lina baba wangapi?"

Winfrida alikuwa ameshaisikia habari, nani asiyeisikia, lakini hakucheka. Akachukua kipande cha boksi na mkaa, akaandika maneno mawili: *brake*, na chini yake *break*.

"Hili la juu ndilo lako, baba. La kusimamisha gari. Hili la chini ni jingine kabisa. Yanaandikwa tofauti, yanatamkwa sawasawa."

Mkumbo aliyatazama muda mrefu, kama anayelinganisha lainingi mbili.

"Sasa mtu akiyasema, mwenzake atajuaje ni lipi?"

"Kwa maneno ya jirani. Unasikiliza limekaa na nani."

"Na hili la chini maana yake ni kupumzika."

Winfrida akavuta pumzi. "Kupumzika ni moja tu, baba. Maana yake ya kwanza ni kuvunja."

Hapo ndipo ilipoanza. Mkumbo akatoa daftari la kurasa mia moja na kuandika juu yake BREKI, akataka aambiwe maana zote. Kikombe kikivunjika ni hilo. Sheria ikivunjwa ni hilo. Jua likichomoza, siku inavunjika, ni hilo. Wachumba wakiachana ni hilo. Sauti ya kijana ikianza kuwa nzito ni hilo. Kumpa mtu habari ya msiba ni hilo hilo, unaivunja habari. Mtu mfukoni hana kitu, kavunjika. Na chai ya asubuhi!

"Chai ya asubuhi nayo?"

"Brekfasti. Kuvunja mfungo. Usiku hukula, asubuhi unafungua."

Mkumbo akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo Waingereza wanafuturu kila siku asubuhi na hawajawahi kutuambia!" Akatoka mbio kwenda kumweleza jirani yake Mwislamu, Alhaji Shabani, na wawili hao wakakubaliana kwamba dunia ina mambo.

Aliporudi alikuwa amekasirika kidogo. Alisema hiyo ni lugha maskini. Watu wameshindwa kutafuta maneno, wanalibebesha neno moja kazi zote kama punda wa mjane.

Felista alikuwa anakanda unga wa chapati, kimya, na Felista akiwa kimya ujue anatafuta pa kukuingilia. "Baba Winfrida," akasema, "ukitaka kuongea na mwanao yuko Kinyangiri unafanyaje?"

"Nampigia simu."

"Simu imekukosea nini? Na shati la kanisani?"

"Linapigwa pasi."

"Ehe. Na picha unapiga, mswaki unapiga, hodi unapiga, kura unapiga, miayo unapiga, magoti unapiga mbele za Mungu. Jumapili umepiga suti, umepiga hatua, umepiga stori mpaka saa nane, ukaja hapa ukapiga sahani mbili za wali. Sasa punda wa mjane ni wa nani?"

Winfrida alilazimika kuegemea nguzo kwa kicheko. Mkumbo alimtazama mkewe kwa namna ambayo, baada ya miaka ishirini na tano ya ndoa, bado ilimfanya Felista ajirekebishe kilemba. Alijivunia kupigwa na mwanamke kama yule. Akafungua daftari upande wa nyuma, akaandika PIGA, ili na Waingereza wakija wakute wameandaliwa.

Miaka ikaenda. Dereva yeyote wa kigeni aliyekunywa chai pale hakuondoka bila kuulizwa. Mganda alimpa mbili, Mkenya akampa tatu, mzungu mmoja wa pikipiki aliyekuwa akizunguka Afrika alimpa saba na kumwambia hajawahi kuzihesabu. Kufika mwaka 2023 daftari lilikuwa na maana thelathini na nne, kila moja na sentensi yake na jina la aliyeileta. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuja kulinakili. Mkumbo aliwaruhusu, kwa sharti kwamba wanawe mikono kwanza, jambo ambalo kwa banda lenye grisi hadi kwenye dari lilihitaji ujasiri kulisema.

Ila jina la Mista Brek halikutoka. Na yeye alijua kwamba siku akikosea tena mara moja tu, akalivua tena gari zima matairi bila sababu, ile miaka thelathini na moja haitakumbukwa na mtu. Atabaki kuwa kichekesho hadi kwenye jeneza.

Basi, mwezi wa kumi mwaka huo, saa sita mchana, likashuka lori la Zambia. Mkumbo akainua kichwa, akanusa. Harufu ilikuwa ndogo, ya kawaida. Dereva akafungua mlango, akateremka kwa kushika kila ngazi. Kofia ya sufu ilikuwa ile ile. Alikuwa Chanda.

Alikuwa amezeeka kupita miaka minane. Felista alimkimbilia na kumwita Kidole, naye Chanda akatabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kufika. Kiswahili alikuwa amekiokota njiani, cha kuungaunga. "Mzee, angalia breki. Haraka. Bosi iko piga simu. Kigali, kesho asubuhi."

Mkumbo akazunguka na taa na nyundo yake, akagonga, akasikiliza. Breki zilikuwa nzima. Lakini jicho lake lilikuwa kibandani. Alimwona Chanda akitia sukari kwenye chai, akakoroga, akaweka kijiko, akakichukua tena na kutia sukari upya. Alimwona akiinua kikombe kikaishia kidevuni. Felista alimuuliza habari za watoto, akajibu kwamba ameshakula.

Mkumbo akafuta mikono, akamwendea. Akauliza kwa Kiingereza, pole pole, kama mtu anayekanyaga daraja asilolijua: "Chanda. Wen did yu brek?"

"No brek, mzee," Chanda akasema bila kumtazama. "From Tunduma, no brek."

Kutoka Tunduma! Mkumbo aliihesabu ile njia kichwani, Mbeya, Iringa, Dodoma, Singida, mchana na usiku na mchana. Mtu huyu ameishuka Sekenke akiwa hivi. Na Sekenke haikuwa hatari zaidi, maana mlimani woga wenyewe unakufumbua macho. Mbele yake ilikuwa tambarare ya kuelekea Igunga, barabara imenyooka kama kamba, jua la mchana limekaa kwenye kioo, na ng'ombe wanaovuka na wachungaji wao kila wanapotaka. Pale ndipo macho hujifumba.

"Lala," akamwambia. "Kwa muda wa saa nne. Mkeka ule ule."

"Hapana. Bosi iko kali. Nakwenda."

"Utakufa."

"Nimezoea." Akainuka, akaelekea kwenye lori, akakosea mlango, akaenda wa abiria.

Mkumbo alimtazama. Aliitazama na barabara, ambako malori manne yalikuwa yameegeshwa na madereva wao wanakula kuku kwa Felista, watu wanaomjua, watu wenye simu na midomo. Alijua watakachokiona. Hakupenda kuchekwa, tuseme ukweli. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa na bado kicheko kilimchoma kama siku ile ya kwanza. Kisha akamkumbuka Sukari kwenye ule mteremko.

Akachukua jeki.

Tairi la mbele kushoto likatoka. Likafuata la kulia. Chanda aliposhuka kuuliza kulikoni, Mkumbo alikuwa tayari yuko kwenye ekseli ya nyuma, anafungua nati kwa kasi ya kijana.

"Mzee! Breki nzuri! Umesema nzuri!"

"Brek," alisema Mkumbo, bila kuinua uso.

Kwenye meza za Felista mtu mmoja akaona, akamgusa mwenzake. Kikatoka kicheko cha kwanza. "Jamani! Mista Brek amerudi tena kwa yule yule! Mzambia wa watu!" Simu zikatolewa. Felista akaja mpaka kwenye banda, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Winfrida, unajua unalofanya? Watakucheka mpaka wajukuu."

"Wacha wacheke. Mtandikie mkeka."

Felista akamtazama mumewe, kisha akamtazama yule mgeni aliyekuwa amesimama huku akiyumba, na akaelewa. Akageuka, na waliokuwa wakicheka mezani alipowafikia waliona ni vyema wamalizie kuku wao.

Chanda alibaki amesimama mbele ya lori lisilo na matairi. Alitazama dramu zikipangwa mchangani kwa mstari, moja baada ya nyingine, kama zamani. Midomo ikaanza kumcheza. "Brek," akasema taratibu. "Smoli brek." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa ile kofia ya sufu na kulia kama mtoto aliyechoka. Felista akamshika mkono, akampeleka kwenye mkeka. Usingizi ukamchukua kabla hajavua hata viatu.

Haikupita nusu saa, simu ya Chanda ikalia juu ya meza. Ikakatika. Ikalia tena. Mara ya nne Mkumbo alifuta mikono, akaipokea. Sauti ya bosi ilikuwa ya juu, ya Kiingereza, na ilitaka kujua huyu ni nani na Chanda yuko wapi na kwa nini gari limesimama.

"Zis is Mkumbo. Fundi. Shelui."

Bosi akauliza tatizo ni nini.

Mkumbo ni mzee wa kanisa. Uongo hausemi, hata wa kumfukuza muuza dawa za panya. Alitazama kwenye mkeka. Kisha likamjia lile boksi la Winfrida na maneno mawili ya mkaa, yanayoandikwa tofauti na kutamkwa sawasawa.

"Brek," akasema.

Bosi akauliza, kwa sauti iliyoshuka, kama ni tatizo kubwa.

"Veri big. From Tunduma, no brek."

"Wot?"

"No brek from Tunduma. Mbeya, no brek. Iringa, no brek. Sekenke, daun, no brek!"

Upande wa pili mtu alisikika akimwita Yesu. Kisha bosi yule mkali akaanza kumbembeleza fundi wa Shelui. Asimruhusu Chanda kuondoka. Asiruhusu gari lisogee hata hatua moja. Ifanywe kazi yote, kwa uangalifu, ichukue muda wowote, Kigali watasubiri.

"Foo awaz," alisema Mkumbo. Yaani muda wa saa nne.

"Tek faiv," alisema bosi.

Mkumbo akakata simu, akaiweka mezani kama anaweka yai. Felista alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee wa kanisa. Umemdanganya mtu."

"Neno gani la uongo?"

Felista alifungua mdomo. Akayapitia maneno yote, moja moja, kwa vidole. Akaufunga mdomo. Kisha akaanza kucheka, na madereva wakauliza kulikoni, akawaeleza, na kile kicheko kilichopanda pale kibandani siku ile kilikuwa kingine. Mmoja wao, yule yule aliyekuwa wa kwanza kuchukua simu kupiga picha, aliinuka akaenda bandani, akavua shati, akasema, "Fundi, nipe kitambaa nikusaidie kufuta hizo dramu."

Chanda aliamshwa saa kumi na moja kasoro. Alikunywa chai, sukari alitia mara moja. Matairi yalikuwa yamerudi, kila nati imekazwa na kukazwa tena, na Mkumbo alizunguka gari mara ya mwisho akiligonga na nyundo. Chanda alimshika bega kama alivyomshika miaka minane iliyopita, akapanda, akapiga honi, akaondoka.

Jioni ile Mkumbo hakula. Alikaa anasikiliza barabara upande wa Igunga. Kila brekdauni iliyopita aliinuka kuitazama. Miaka thelathini na moja, na gari hilo ndilo aliloliogopea kuliko yote.

Asubuhi simu ikalia. Ilikuwa namba ya Chanda. Alikuwa Rusumo, mpakani, anangoja karatasi zake.

"Mzee," akasema. "Jana, jua nakaribia kuzama. Mbele, ng'ombe. Mingi sana, barabara yote. Na katikati mtoto mdogo na fimbo."

Mkumbo akaibana simu sikioni.

"Niliona mbali, mzee. Niliona mbali kabisa. Nikakanyaga, gari ikasimama. Mtoto akanipungia mkono."

Mkumbo aliketi juu ya dramu kuukuu, akalia waziwazi mbele ya mafundi wa ng'ambo ya barabara, na hakujali.

Likizo ilipofika Winfrida alikuja, akiwa ameshaisikia habari kwa madereva kabla hajafika nyumbani. Hata shikamoo ilikuwa ya haraka.

"Baba, nina swali la kikazi. Kwenye ile simu. Ulikuwa unamaanisha lipi kati ya yale mawili?"

Fundi Mkumbo akafungua daftari lake ukurasa wa mwisho na kumwonyesha. Alikuwa ameyaandika yote mawili, moja juu na moja chini, kisha akayazungushia duara moja kubwa la grisi.

"Mimi, Mwalimu," akasema, "ni fundi breki."